Breki zako hazijaisha, Elibariki, zimekaa bure

Njiro, Arusha
14 Juni

Ndugu yangu Elibariki,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Barua yako nimeipata, na swali lako nimelielewa: Nissan Leaf yako ya umeme inakwaruza asubuhi gurudumu la mbele kulia, na fundi amekwambia ununue diski mbili (zile sahani za chuma zinazozunguka na gurudumu) na pedi (vibao vinavyozibana) za mbele na nyuma. Usitoe hela bado. Kwanza fungua uangalie mwenyewe, maana gari la umeme breki zake haziharibiki kwa njia ile mafundi wetu waliyoizoea.

Ukiachia mguu, au ukikanyaga breki taratibu, mota inageuka dainamo. Magurudumu yanaizungusha, umeme unarudi kwenye betri, na gari linapungua mwendo huku pedi zikigusa diski kidogo sana. Pedi zinaingia kazini ukikanyaga ghafla, au mwishoni kabisa gari linapotaka kusimama. Ndiyo maana pedi za Leaf zinaweza kuvuka kilomita 100,000 zikiwa bado nene. Lakini diski ni chuma cha kusubu, uso wake hauna rangi. Kwenye gari la petroli kila safari ya sokoni inaikwangua kutu. Ya kwako imelowa tangu Machi mpaka Mei, ikakauka, ikalowa tena, na hakuna kilichoisugua. Kutu inaanza kwenye diski, inaingia kwenye vishikio vya pedi, inamalizia kwenye pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Hiyo ya juu ya diski, ya rangi ya chungwa baada ya mvua ya usiku, isikusumbue; inaondoka ukikanyaga breki mara chache. Inayokula gari ni ile usiyoiona.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani ni kusafisha, kulegeza na kupaka grisi. Mara moja kwa mwaka inatosha, na wakati wake ni sasa, masika yameisha na vumbi halijaanza.

Tafuta jeki yenye magurudumu, stendi mbili za chuma, kabari mbili, soketi ya 21 ya nati za tairi, soketi za 12, 14 na 17 za kalipa, brashi ya waya, tupa ndogo bapa, klempu ya seremala, kipande cha waya mgumu, na kopo la dawa ya kusafishia breki. Petroli na dizeli hapana, zinaacha mafuta kwenye pedi na zinaharibu raba. Grisi nunua ya aina mbili: ya silikoni kwa ajili ya pini, na ile ya seramiki inayostahimili joto kwa masikio ya pedi, zile ncha zake zinazokaa kwenye vishikio. Ile grisi ya bearing iliyoko kila gereji usiiguse. Raba za breki zinavimba zikikutana na mafuta ya madini kama yaliyomo kwenye grisi hiyo, na pini iliyopakwa grisi hiyo leo itaganda kabla masika mengine hayajafika. Nadhani nusu ya kalipa zilizokwama mjini zilikwamishwa na mtu aliyekuwa anazifanyia sevisi.

Kabla ya jeki, fikiria gari litashikwa na nini. Leaf inavuta kwa mbele, na P, gia ya kuegesha, inafunga magurudumu ya mbele tu, wakati hendibreki inashika ya nyuma. Ukinyanyua mbele, P haikusaidii kitu, kinacholishika gari ni hendibreki na kabari za nyuma. Ukinyanyua nyuma ni kinyume chake. Jeki iwekwe kwenye mshono ulioimarishwa chini ya mlango, pale penye alama. Katikati ya gari ni betri, na jeki ikiibonyeza umenunua tatizo kubwa kuliko breki. Gari lenyewe lina kilo 1,500 hivi, kwa hiyo simama kwenye sakafu ya saruji, usifanyie kwenye udongo wa uani, na usiweke mkono chini kabla stendi haijabeba uzito. Nyaya zenye ganda la rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa. Kazi hii haikufikishi huko, basi usizisogeze hata kwa kuzipisha.

Jambo jingine ambalo kwenye Corolla hulijui. Breki za magari haya zinasaidiwa na umeme, na kwenye mengi mfumo unaamka mtu akifungua mlango wa dereva, kabla hata hajawasha. Kalipa ikiwa wazi wakati huo, pistoni, ile inayosukuma pedi, inaweza kusukumwa nje. Kwa hiyo fungua boneti, weka hendibreki inavyotakiwa, zima gari, peleka ufunguo ndani ya nyumba, kisha ngoja kama dakika kumi. Waambie na watoto wasifungue mlango.

Sasa gurudumu la mbele. Nati zilegeze likiwa bado chini, nyanyua, weka stendi, toa tairi. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lilowanishe kwa ile dawa na uvae barakoa. Fungua bolti ya chini ya kalipa, inyanyue kalipa juu kama kifuniko cha sanduku, uifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa hosi ya mafuta ya breki hata dakika moja.

Vuta pedi kwa mkono. Hapa ndipo utakapopata jibu la mlio wako. Pedi inatakiwa iteleze kwenye kishikio kwa vidole. Kama inahitaji nyundo, umeshajua kwa nini inakwaruza: imebana, hairudi nyuma ukiachia pedali, inaendelea kulamba diski. Watu wengi wanasugua masikio ya pedi na kurudisha, na mwezi haupiti inabana tena. Kutu iko nyuma ya kile kibanio chembamba cha chuma ambamo sikio linakaa. Inaota kati ya kibanio na kishikio, inavimba, inakisukuma kibanio ndani mpaka nafasi inakwisha. Chomoa vibanio vyote vinne, sugua kishikio kwa brashi kisha kwa tupa mpaka uone chuma cheupe, lakini ishia hapo, usile chuma. Masikio ya pedi yapitie tupa pia. Rudisha vibanio, paka seramiki nyembamba kama ya kupaka siagi kwenye mkate wa mtu bahili, na jaribu pedi. Iteleze. Isipoteleza, rudia, usiipige.

Pini ni mbili kila kalipa. Zichomoe moja moja na uangalie kila moja ilikotoka, maana mara nyingi moja ina raba nchani au umbo tofauti na mwenzake, na kuzibadilishana kunaleta kukwama. Futa grisi ya zamani, safisha na tundu lake, paka silikoni kidogo. Ukijaza tundu, hewa inakosa pa kutokea na pini inarudishwa nje kama springi. Raba ya kuzuia vumbi ikiwa imechanika, ibadilishe. Kwa vumbi la huku pini isiyo na raba haina maisha.

Kisha pima pedi, na usipime ya nje peke yake. Mpya huwa na milimita 10 hivi za nyenzo, bila bati la nyuma. Zikifika 2 ni za kutupa. Zikilingana ndani na nje, kalipa ina afya. Ya ndani ikiwa nyembamba kuliko ya nje, pini zimekwama, pistoni inasukuma upande wake peke yake. Pedi moja ikiisha mshazari, nene juu na nyembamba chini, imebana kwenye kishikio. Gurudumu la kulia likila zaidi ya la kushoto, angalia pistoni au hosi.

Diski itazame upande wa ndani pia. Tumia simu na tochi, kwa kuwa wa nje ndio unaoonekana na ndio unaodanganya. Unene wa mwisho umechapwa kwenye diski yenyewe. Ukiona vishimo vya kutu mahali pedi inapopita, vinavyokwama kwenye ukucha, hapo kweli diski zibadilishwe, mbili za ekseli moja kwa pamoja. Ukingo wa kutu pembeni, nje ya njia ya pedi, si hoja. Na ukienda kununua pedi dukani, nenda na ya zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi.

Pistoni irudishe ndani kwa klempu na kipande cha mbao, polepole, kifuniko cha mafuta ya breki kikiwa kimefunguliwa. Angalia yasifurike. Yakimwagika kwenye rangi mwaga maji mengi mara moja, yanachubua kuliko unavyodhani. Kwa pedi nene kama zako ni milimita chache tu za kusukuma. Ikigoma kabisa, funga kazi umwite fundi, usiongeze nguvu.

Nyuma kuna mtego. Kama uso wa pistoni una makato mfano wa msalaba, ile haisukumwi, inazungushwa huku ikibanwa, na ukiiminya kwa klempu unavunja mashine ya hendibreki iliyo ndani. Makato yakae sawa na kijipini cha nyuma ya pedi ukirudisha. Hendibreki iwe imeachiwa tangu mwanzo. Na kama gari lina hendibreki ya swichi, soma kitabu chake kwanza, kwa sababu mengi yanahitaji kuwekwa kwenye hali ya matengenezo kabla ya kugusa kalipa. Ukiwa nyuma, zungusha gurudumu kwa mkono baada ya kumaliza. Linatakiwa kwenda bila kusita. La mbele hutaweza kulijaribu hivyo, P imelifunga.

Mafuta ya breki ni habari nyingine. Hayachakai kwa kukanyagwa, yanachakaa kwa kunywa unyevu wa hewani, kwa hiyo kutotumia breki hakuyaokoi. DOT ni daraja la mafuta hayo: DOT 3 mpya inachemka si chini ya nyuzi 205, ikishanyonya maji inashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Soma kifuniko cha gari lako kinasema ipi; hizo mbili zinachanganyika, ila DOT 5 ya silikoni isiingie humo kamwe. Yabadilishwe kila miaka miwili. Hili sikushauri ufanye nyumbani: kwenye magari yenye breki za kusaidiwa na umeme, kutoa hewa mara nyingi kunahitaji kompyuta ya kuamuru pampu, na hewa ikibaki ndani huijui mpaka siku ya kuihitaji breki. Kama mafuta yako yana rangi ya kahawa badala ya asali, tafuta gereji yenye hiyo kompyuta.

Ukirudisha kila kitu, bolti za kalipa zikaze kwa kipimo cha kitabu, ni ndogo, usizikaze kwa mkono wa nati za tairi. Nati za tairi ni Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 108 hadi 113, kwa mpangilio wa msalaba. Halafu, kabla gari halijasogea hata futi moja, washa na ukanyage pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Mguso wa kwanza utazama hadi chini, ndivyo ilivyo baada ya pistoni kurudishwa ndani.

Sasa uzitumie. Tafuta barabara nyoofu isiyo na gari nyuma, fika kilomita 60 kwa saa, weka N, gia huru, kisha kanyaga breki kwa nguvu ya wastani mpaka 10. Rudia mara sita au saba, ukiacha nafasi zipoe. Kwenye N mota hairudishi umeme, kazi yote inabebwa na pedi, na kutu inakwanguliwa. Gari likiwa limewashwa, msaada wa breki upo palepale. Fanya hivyo mara mbili tatu kila wiki, na kila ukiosha gari. Kuosha Jumamosi na kuliacha na maji mpaka Jumatatu ndiko kunakoanzisha mambo haya.

Baada ya safari ya kilomita kumi ya kawaida, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa. Kwenye gari la umeme zote nne zinatakiwa ziwe karibu baridi. Moja ikiwa ya moto, inavuta, na inakula pia kilomita zako za betri.

La mwisho ni la mteremko wa huko kwenu Marangu. Usichaji mpaka asilimia 100 ukiwa nyumbani mlimani halafu ushuke. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme, kwa hiyo mota inaacha kukusaidia, na utashangaa gari linateleza tofauti na jana. Piga hesabu: gari na watu kilo 1,600, ukishuka mita 500 ni zaidi kidogo ya yuniti mbili za LUKU. Sehemu inaishia kwenye upepo na matairi, inayobaki yote inakwenda kwenye diski kama joto, kwenye pedi zilizobana na mafuta yenye maji. Betri ya kWh 24, yaani yuniti 24, ikiishia asilimia 85 au 90, unashuka hadi Himo mota ikifanya kazi yake.

Ukifungua Jumamosi hii, niandikie unene wa pedi zote nane, ndani na nje kwa kila gurudumu, na useme ipi ilitoka kwa vidole na ipi kwa nyundo. Nitakujibu kama kuna cha kununua.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Joshua