Barua kwa mwanangu: huo mchango wa rafiki yenu

Babangu,

Asalaam alaikum. Meseji yako nimeisoma na tangazo mlilotengeneza na wenzio nimeliona, kwamba mnataka kuchangisha pesa kwa jina la rafiki yenu wa chuo aliyejiua ili wanafunzi wengine wasaidike kabla mambo hayajafika pale. Nakuunga mkono, na nasema mapema usije ukasoma barua yote ukidhani mama anapinga. Ila mimi ni mweka hazina wa chama miaka na miaka, pesa za watu nazijua tabia zake, na pia ni mama, kwa hivo niache niseme yote nilonayo, mengine hayatakuwa kwa mpangilio.

Kwanza mamake. Mmemuuliza? Manake naona jina la marehemu pale juu na picha yake anacheka, picha nzuri kweli, lakini hiyo ni sura ya mtoto wa watu na huenda familia mpaka leo wanaambia majirani kijana aliugua ghafla. Watu wanajikinga na midomo, siwalaumu hata kidogo. Sasa tangazo likiruka kwenye magrupu ya WhatsApp, shangazi yake aliye Malindi akaliona kabla hajaambiwa na mtu, mtakuwa mmewaumiza mara ya pili watu ambao hata matanga hawajayamaliza moyoni. Nendeni watu wawili watatu, si kwa simu, mkae nao chini muwaambie twataka kufanya hivi na hivi, mwaturuhusu jina litumike? Wakikataa jina, mchango uendelee bila jina, nyinyi wenyewe mwajua ni kwa ajili ya nani. Wakikubali, picha achague mamake.

Halafu hayo maneno ya tangazo. Mstari wa pili mmeandika vile alivokufa na mahali. Ondoeni leo leo, kabla hujamaliza hata kusoma barua hii. Shirika la Afya Duniani linawaambia waandishi wa habari kila siku wasitaje njia wala mahali, wasisambaze barua ya mwisho ya marehemu, kwa sababu kijana mwengine aliye kwenye giza lilelile akisoma anaonyeshwa njia. Na pale mliposema ni kwa sababu ya karo na mitihani, ondoeni pia. Mtu hafiki hapo kwa jambo moja babangu, yanakuwa mengi yamerundikana, ugonjwa wa akili ambao hakuna aliyeuona, deni, mapenzi, upweke, usingizi umekata wiki nzima, na mkiandika ni mtihani basi kila aliyefeli anasoma kama vile hiyo ndo njia ya waliofeli. Andikeni alikuwa nani. Kwamba alikuwa anawafundisha wenzake hesabu bure, kwamba alipenda mpira, yale ulonieleza mwenyewe siku ile. Chini yake muweke namba za msaada kwa herufi kubwa kuliko hata jina la mchango: 1199 ya Msalaba Mwekundu, hiyo ni bure, na Befrienders Kenya 0722 178 177. Na kabla ya kuchapisha mpige wenyewe hizo namba mhakikishe zinapokelewa saa ngapi na lugha gani. Mtu aliyekata tamaa akipiga namba ya kwenye tangazo lenu ikaita tu mpaka ikakata, atajiambia hata hawa hawanitaki.

Haya pesa sasa. Nimeona mmeweka namba ya simu ya yule mwenzenu katibu. Najua ni kijana mwaminifu, si hilo. Lakini line ya mtu binafsi ina mambo yake, kama ana Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, hajalipa, mchango ukiingia tu deni linakatwa hapohapo kabla hajagusa simu, kisha mtu aliyetuma 500 anaona kwenye hesabu zenu 120 na maneno yanaanza. Na simu ikiibiwa? Na yeye akipata dharura usiku akaazima kidogo kwa nia ya kurudisha? Mimi nimeona vyama vikivunjika na urafiki wa miaka kwa pesa ndogo kuliko hizo, na hapakuwa na mwizi hata mmoja. Fungueni Paybill, ile namba ya malipo ya M-Pesa, iliyounganishwa na akaunti ya benki, watia sahihi wawe watatu, na mmoja awe mtu mzima asiye mwanafunzi, kama mlezi wa klabu au mtu wa ofisi ya dini. Kila Ijumaa jioni mtu mmoja aweke kwenye grupu imeingia kiasi gani, imetoka kiasi gani na kwa kazi gani. Hata kama wiki hiyo haijaingia kitu, aandike hakuna. Mkitaka kuzunguka na makopo mjini au barabarani, sheria ya Kenya inataka kibali kwa mchango wa hadharani, kwa hivo anzeni ofisi ya mkuu wa wanafunzi wawaelekeze, msije mkakamatwa na makopo mikononi mkaanza kuitwa matapeli.

Sasa nifike kwa lile lililonifanya niandike barua badala ya kukupigia. Bajeti yenu. Nimeisoma mara mbili. Tisheti, spika za kukodi, tenti, msanii wa kuja kuimba, keki, na mwisho kabisa pale chini "kitakachobaki kitaenda kwa kusaidia wanafunzi". Babangu, hapana. Kitakachobaki ni sifuri, mimi nakwambia, tenti na spika zinakula kila kitu. Igeuzeni hiyo karatasi juu chini. Andikeni kwanza mwataka mtu mwenye shida apate nini siku ya Jumanne saa nne usiku akiwa chumbani peke yake, hiyo ndo iwe mstari wa kwanza, ikishatengewa pesa yake ndo muulize kama kuna ya tisheti.

Nikupe kisa cha kweli. Zimbabwe kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda. Mwaka 2005 alikuwa na mgonjwa, msichana, anakaa mbali na hospitali yake ya Harare, na familia yake ikawa inajua kabisa mtoto anatakiwa kurudi kwa daktari. Hawakurudi. Msichana akajiua, na daktari alipouliza mbona hamkumleta, akaambiwa hatukuwa na nauli. Dola 15 za basi. Dawa ilikuwepo, daktari alikuwepo, mama mtu alikuwepo na alikuwa tayari, kilichokosekana ni nauli. Yule daktari hakulala na hilo jambo. Mwaka uliofuata, 2006, akaanza na mabibi 14 pale mtaa wa Mbare, wazee wa mtaani tu, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu apange shida yake moja kwanza, halafu wakakaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Mtu anakuja anakaa anazungumza na bibi. Basi. Walipokuja kupima, matokeo yakachapishwa 2016, baada ya miezi sita waliopita kwenye benchi waliobaki na dalili za depresheni walikuwa 14 kwa mia, na waliopata huduma ya kawaida 50 kwa mia. Sasa mabenchi hayo yamefika mpaka Zanzibar, watu wetu hawa hawa wa pwani.

Unaona ninakokwenda? Nyinyi chuoni mko maelfu na mshauri wa wanafunzi ni mtu mmoja wawili, ukienda unaambiwa njoo wiki ijayo. Chukueni pesa muwafundishe wanafunzi wenyewe, kila bweni watu kadhaa, wafundishwe na mtu aliyesomea, wajue kusikiliza bila kuhubiri, wajue dalili, wajue mwisho wao ni wapi na wapi wanamkabidhi mtu kwa daktari. Hilo la mwisho msilisahau, manake hao wasikilizaji ni watoto kama wewe, wasibebeshwe roho ya mtu peke yao usiku kucha, nao wawe na mkubwa wa kumpigia. Na mtenge pesa ya nauli. Nauli ya kumpeleka mtu hospitali usiku, na nauli ya mwenzake wa kumsindikiza, sababu mtu wa hali hiyo haendi peke yake. Nauli ya mzazi kutoka huku Mombasa au Kitui au wapi kuja Nairobi siku hiyohiyo akiitwa, kuna wazazi wakiitwa leo wanafika baada ya siku tatu kwa kutafuta pesa ya basi, si kwa kukosa mapenzi. Na pesa ya kumwona daktari mara ya kwanza na dawa za mwezi wa kwanza. Mkiweza kufanya hayo matatu kwa wanafunzi kumi kwa mwaka mtakuwa mmefanya kitu ambacho taasisi kubwa hazijafanya.

Matembezi ya tarehe 10 Septemba yafanyeni, siwakatazi, hiyo siku inaadhimishwa dunia nzima tangu 2003 na inafaa watu waonekane. Zaidi ya watu 720,000 wanajiua kila mwaka duniani na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo, kwa hivo si aibu ya familia moja. Lakini matembezi yanaisha saa sita mchana.

Jengine. Mkiwa huko mtakutana na mtu atakaesema ukienda kusema umetaka kujiua polisi watakushika. Hilo lilikuwa kweli. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilisema kujaribu kujiua ni kosa, hata miaka miwili jela, hebu fikiria mtu ametolewa kwenye mlango wa kaburi anaamka kitandani kuna pingu. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu, Jaji Lawrence Mugambi, ikasema kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba. Tume ya haki za binadamu na chama cha madaktari wa akili ndo walopeleka kesi. Hilo wekeni kwenye tangazo kwa Kiswahili chepesi: ukisema, unatibiwa. Wengi hawajasikia, na kuna watu wananyamaza sababu ya hofu hiyo tu.

Na kuna wa dini. Umeniambia kuna mwenzenu alisema marehemu asiombewe dua na mchango huu ni haramu. Dini yetu inakataza kujiua, hilo hatubishani. Lakini mwambie akasome hadithi iliyo katika Sahih Muslim, ya yule mtu aliyehama kwenda Madina na sahaba Tufeil bin Amri, akaugua, akashindwa kuvumilia akajitoa uhai. Tufeil akamuota yuko katika hali njema, Mola amemsamehe kwa kuhama kwake, ila mikono ameifunika. Alipomhadithia Mtume, Mtume akainua dua akasema ewe Mola, na mikono yake pia isamehe. Mtume alimuombea. Sisi ni nani tusimuombee? Mimi namuombea rafiki yako kila baada ya sala, na mamake namuombea zaidi.

Sasa wewe. Umeandika meseji ndefu ya mchango, kamati, tangazo, msanii, na mahali popote hukuandika wewe uko vipi. Ulikuwa unalala chumba kimoja nae. Nakujua ukiumia unatafuta kazi ya kufanya, ulikuwa hivo tangu babu yako alipofariki, ulipaka rangi banda zima la kuku. Kazi ni nzuri lakini kamati haiwezi kulia kwa niaba yako. Na kama usiku unajiuliza ungeamka mapema, ungepokea ile simu, ungeona, nisikilize: wewe ulikuwa rafiki yake na ulikuwa mzuri kwake. Maumivu aliyokuwa nayo alikuwa ameyaficha mbali hata na aliyemzaa.

Kwa hivo nakuuliza wazi, na nataka jibu la wazi. Je, na wewe umewahi kufikiria kujiua, tangu afariki au kabla? Watu wanaogopa kuuliza hivi wakidhani watamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo, madaktari wanasema si kweli, ukimuuliza mtu kwa upendo unampa nafasi ya kupumua. Jibu lolote utakalonipa sitapiga kelele, sitamwambia mjomba wako, sitakutolea mawaidha. Kama ni ndio, napanda basi la usiku huohuo. Kama ni hapana lakini hulali na huli, pia nataka kujua, na uende umwone mshauri kabla ya kikao cha kamati, si baada. Na wenzio wa kamati uwaulize hivihivi mmoja mmoja, nyote mlimzika rafiki.

Wanachama wangu nimewaeleza, bila kutaja jina la mtu wala chuo. Wamekubali kutoa 20,000 kutoka mfuko wa dharura, na mama mmoja katika sisi alilia akasema ndugu yake alikwenda hivo na hajawahi kulisema mbele ya watu. Anataka kuja kuzungumza na nyinyi, kama mtamtaka. Pesa naituma siku Paybill itakapokuwa tayari na nimeona majina ya watia sahihi, kwa namba ya mtu situmi. Nitumie na bajeti mpya.

Nitakupigia leo baada ya Isha. Usiwe kwenye kikao, toka nje ukae mahali pa peke yako tuzungumze mpaka tuchoke. Na mwenzako yule anayelala kitanda cha juu, mwambie mama anamsalimia na anamuuliza kama amekula.

Mamako