Helmeti ya bei kali si lazima ndio iwe salama

Mhariri,

Kuna msomaji aliandika kwa gazeti hili juzi ati helmeti ya baiskeli ya chini ya elfu kumi ni takataka, heri mtu aendeshe kichwa wazi. Hiyo naikataa kabisa, maana ukiona vile vijana wanapita Kondele hapa Kisumu asubuhi bila kitu kichwani wakigombania barabara na matatu, maneno kama hayo ndio yanafanya mtu aseme basi wacha tu.

Kinachookoa kichwa ni ile kitu nyeupe nyepesi iko ndani, kama ile inakuja imezunguka TV mpya kwa katoni. Ukianguka inabonyea, na kule kubonyea ndio kunakula nguvu yenye ingeingia kwa ubongo. Ya bei ya chini inayo na ya bei ya juu inayo. Marekani, helmeti zinazotengenezwa kuuzwa huko tangu 1999 lazima zipite mtihani wa CPSC, ile tume ya serikali yao ya usalama wa bidhaa, zinaangushwa kutoka mita 2 hivi kwenye chuma bapa, ya dola 20 na ya dola 300 kimo ni kimoja. Tena chuo cha Virginia Tech kinazipima na kuzipea nyota, na kuna za bei ya chini zimepata nyota 5.

Sasa zile pesa zingine zinalipia nini? Wepesi, matundu ya hewa, kikazio kizuri cha nyuma, na saa zingine ile MIPS ya Waswidi, yaani ngozi nyembamba ndani inayoacha helmeti iteleze kidogo ili kichwa kisisokotwe sana. Sikatai, ina kazi, lakini siku hizi iko hadi kwa za bei ya kati so huhitaji kuuza mbuzi. Matundu pia usidharau. Jua la Kisumu la saa saba tunalijua, na helmeti ikikuchemsha utaishia kuining'iniza kwa hendelbari, na hapo hata kama ni ya elfu ishirini imekuwa pambo. Mtu wa kutoka Mamboleo hadi tao kila siku akiongeza pesa kidogo ya hewa, mimi naona sawa.

Chenye kinanisumbua ni mitumba. Pale soko la Kibuye helmeti ikiwa na jina kubwa watu wanaing'ang'ania. Igeuze kwanza! Bandua sponji uangalie hiyo nyeupe kama ina ufa ama mahali pamebonyea, maana ikishagonga vibaya mara moja kazi yake imeisha, hata kama plastiki ya juu bado inang'aa. Tafuta stika ya CPSC ama EN 1078, hiyo ya pili ni kipimo cha Ulaya. Muuzaji akikataa ufungue, mrudishie. Heri mpya ya bei ya chini yenye stika, ikae vidole viwili juu ya nyusi na mkanda ufungwe chini ya kidevu.

Na nyinyi wenye maduka, mtu akiuliza saizi kwa sentimita msimwambie "hiyo ni frisaizi, itakukaa tu."

Mwendesha baiskeli,
Mamboleo, Kisumu