Ardhi ya jeshi Chagos: na Peros Banhos je?

Ndugu Mhariri,

Tangu Uingereza na Mauritius zilipotia saini mkataba wa kuikabidhi Mauritius mamlaka juu ya Visiwa vya Chagos, vilivyo katikati ya Bahari ya Hindi, tarehe 22 Mei 2025, habari nyingi ninazozisoma kwa Kiswahili zimezungumzia kambi ya kijeshi ya Uingereza na Marekani katika kisiwa cha Diego Garcia, muda wa miaka 99 ambao kambi itaendelea kutumiwa, na malipo ya wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka ambayo Uingereza itailipa Mauritius. Naomba nafasi niwakumbushe wasomaji wako jambo linalopotea katika hesabu hizo: kambi iko katika kisiwa kimoja, ilhali watu waliondolewa katika visiwa vyote.

Koloni la visiwa hivyo, ambalo Waingereza waliliita Eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi, liliundwa tarehe 8 Novemba 1965 kwa kuvimega visiwa vya Chagos kutoka Mauritius, iliyokuwa bado haijapata uhuru, pamoja na visiwa vingine vya Shelisheli. Mwaka 1967 serikali ya Uingereza ilinunua mashamba ya minazi ya huko kwa pauni 660,000, na ardhi ikawa mali ya Taji, yaani dola ya Uingereza, kwa ajili ya ulinzi. Kampuni iliyouza ilikuwa na hati. Wachagosi, ambao wengi wao ni wajukuu na vitukuu vya watumwa waliopelekwa huko kutoka Msumbiji na Madagaska, hawakuwa na hati. Walikuwa na nyumba, kanisa, makaburi ya wazee wao na kazi ya mbata. Maofisa wa London wakaamua kuwaandika kama vibarua wa muda, kwa sababu kibarua mkataba wake ukiisha anaweza kurudishwa alikotoka, lakini mwenyeji hana pa kurudishwa. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1971 ikamkataza mtu yeyote kukaa huko bila kibali, na mwaka 1973 watu wa mwisho wakatolewa Peros Banhos, kundi la visiwa vidogo kaskazini mwa Chagos.

Hapa naomba tutulie kidogo. Peros Banhos na jirani yake Salomon viko zaidi ya kilomita 200 kutoka Diego Garcia, yaani mbali kuliko safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Hakuna uwanja wa ndege za kivita uliojengwa huko, wala bandari ya manowari. Hata mtu anayekubali kwamba jeshi lilihitaji ardhi ya Diego Garcia, kwa nini akubali kwamba lilihitaji pia ukimya wa visiwa vilivyo mbali kiasi hicho?

Swali hilo liliwahi kujibiwa mahakamani, na ndiyo sehemu ya kisa hiki inayoniuma zaidi. Olivier Bancoult, mzaliwa wa Peros Banhos, alifungua kesi London, na mwezi Novemba 2000 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mamlaka ya kutunga sheria kwa ajili ya amani, utulivu na utawala bora wa koloni ni mamlaka ya kuwatawala watu, si ya kuwahamisha. Serikali ilikubali uamuzi huo na kuvifungua visiwa vyote isipokuwa Diego Garcia. Kisha tarehe 10 Juni 2004, bila mjadala wowote bungeni, mlango ukafungwa tena kwa Amri ya Malkia katika Baraza, yaani agizo ambalo serikali hulitoa kwa jina la Malkia. Wachagosi wakashinda Mahakama Kuu mwaka 2006, wakashinda Mahakama ya Rufaa mwaka 2007, na mwezi Oktoba 2008 wakashindwa mbele ya majaji wa Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, kwa kura tatu dhidi ya mbili. Mmoja wa wale wawili, Lord Bingham, alishikilia kwamba Taji halina mamlaka ya kuwafukuza watu katika nchi yao ya asili. Kura moja tu!

Naheshimu maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Februari 2019, yaliyopitishwa na majaji 13 dhidi ya mmoja, kwamba kuitenga Chagos hakukuwa halali. Lakini shauri hilo lilihusu haki ya taifa la Mauritius kukamilisha uhuru wake, na mkataba uliofuata ni mkataba wa serikali mbili. Unairuhusu Mauritius kuwarejesha watu katika visiwa visivyokuwa Diego Garcia. Hauilazimishi kufanya hivyo. Wachagosi wenyewe wamegawanyika, wengine wakiuunga mkono na wengine, hasa waishio Uingereza, wakiulaumu kwa kuwa hawakuketi mezani ulipoandikwa. Mimi siwezi kuwasemea. Najua tu kwamba mwaka 1982, walipopewa fidia ya pauni milioni 4, wengi walitia dole gumba kwenye hati za Kiingereza cha sheria ambazo hawakuweza kuzisoma, na baadaye dole hizo zikatumiwa dhidi yao mahakamani.

Kwa hiyo ombi langu kwa gazeti lako ni dogo. Mwandishi wako atakapoandika tena kuhusu mkataba huu, pamoja na kuuliza kambi italipiwa kiasi gani, aiulize serikali ya Mauritius ni lini boti ya kwanza ya wakazi itatia nanga Peros Banhos, na nani atachimba kisima watakapofika.

Wako msomaji,
Tanga