Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Michezo wa Nebraska: mechi tisa, pointi 56

Lincoln, Nebraska
29 Novemba 2021

Kwa Ndugu Trev Alberts,
Mkurugenzi wa Michezo,
Chuo Kikuu cha Nebraska, Lincoln.

YAH: TIMU YETU YA FUTIBOLI NA NAFASI YA KOCHA WA MIKWAJU

Ndugu Mkurugenzi,

Ninakuandikia kwa Kiswahili nikijua kwamba barua hii itakufikia kwa mdomo wa mtu mwingine, au haitakufikia kabisa. Hata hivyo hii ndiyo lugha tunayobishania timu yako kila Jumamosi, mimi na wenzangu tuliotoka Tanga, Bukavu na Bujumbura tukakutana katika mji huu, tukajifunza sheria za futiboli ya Marekani tukiwa watu wazima wenye mvi, na sasa tunakosa usingizi kwa ajili yake kama watu waliozaliwa hapa. Kwa hiyo naomba uipokee kama barua ya mshabiki halali wa timu, aliyelipia kiti chake.

Siandiki kudai kwamba Kocha Scott Frost afukuzwe. Tarehe 8 mwezi huu uliamua abaki, mshahara wake ukashushwa kutoka dola milioni 5 hadi milioni 4 kwa mwaka, fidia ya kumwachisha kazi nayo ikapunguzwa, na siku hiyo hiyo wasaidizi wake wanne, wote wa upande wa ushambuliaji, wakaondolewa. Uamuzi huo ulikuwa wako na umeshapita. Ninalotaka kujadili nawe ni kwamba mafagio yote yamepita katika chumba cha ushambuliaji, ilhali sehemu kubwa ya mechi zetu imepotelea katika chumba kingine, ambacho hakikuwa na mtu wa kuondolewa kwa sababu hakuna aliyekabidhiwa chumba hicho peke yake. Nazungumzia mikwaju.

Kwa wasomaji wenzangu wasioufuatilia mchezo huu, niseme kwa ufupi kwamba timu ya futiboli ya Marekani ni timu tatu ndani ya jezi moja: wanaoshambulia, wanaolinda, na kikosi kinachoingia kwa ajili ya mpira wa kupigwa kwa mguu. Kikosi hiki cha tatu hupiga mkwaju wa kuanzia, mkwaju wa pointi moja baada ya tachidauni (yaani mpira kufikishwa eneo la goli la wapinzani, pointi sita), mkwaju wa pointi tatu, na mkwaju wa mbali, yaani ule wa kuwaachia wapinzani mpira pale mliposhindwa kuusogeza. Huingia kwa sekunde chache na kutoka. Watazamaji wengi huo ndio wakati wao wa kwenda chooni.

Sasa tuangalie msimu wenyewe. Tumecheza mechi 12, tumeshinda 3 na kupoteza 9. Katika mechi zote 12 tumefunga pointi 335 na kufungwa 272, maana yake timu iliyofungwa mara tisa imemaliza msimu ikiwa imewazidi wapinzani wake kwa pointi 63. Nilikaa mezani na kalamu nikajumlisha tofauti za mechi zile tisa: 8, 7, 3, 3, 7, 5, 9, 7, 7. Jumla ni 56. Northwestern peke yao tuliwafunga 56 kwa 7. Kipigo chetu kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha pointi tisa, tena kutoka kwa Ohio State, watu waliozoea kufunga zaidi ya pointi 40 na ambao walinzi wetu waliwazuia wakaishia 26. Walinzi wetu sina neno nao.

Kutokana na hesabu hizo imezuka hapa mjini lugha ya kufarijiana, kwamba tuko karibu, kwamba tumekosa bahati, kwamba mpira ungedunda upande huu badala ya ule tungekuwa tunapanga safari ya mechi za mwisho wa mwaka. Mimi siikubali. Mtu akijikwaa mara moja tunampa pole; akijikwaa mara tisa mlangoni pake mwenyewe, tunainama kutazama kizingiti. Na tukijumlisha miaka yote minne ya kocha huyu, katika mechi zilizoamuliwa kwa pointi nane au pungufu tumeshinda 5 na kupoteza 20. Bahati haina kumbukumbu ya miaka minne.

Nianze na Ijumaa iliyopita, maana bado imenikaa kooni. Nilikuwa jukwaa la mashariki, juu, kwenye baridi, pembeni ya mzee mmoja mkulima ambaye huja uwanjani na redio ndogo yenye waya wa sikioni ili asikie mtangazaji wa redio huku akitazama kwa macho yake. Tulikuwa tunaongoza 21 kwa 6 dhidi ya Iowa katika robo ya tatu, na yule mzee alikuwa na furaha kiasi cha kunikatia nusu ya runza yake, ule mkate wa nyama na kabichi unaouzwa uwanjani. Mapema katika robo ya nne, ubao ukisoma 21 kwa 9, ushambuliaji wetu ulikwama na kikosi cha mkwaju wa mbali kikaingia. Hapo mzee alivua waya sikioni, akauzungusha kwenye kidole, akaiweka redio mfukoni kabla hata mpira haujarushwa kwa mpigaji. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hapendi kuisikia na kuiona kwa wakati mmoja. Sekunde mbili baadaye mkono wa Iowa ulikuwa umeuzuia mpira, mchezaji wao akauokota na kukimbia nao hadi kwenye tachidauni. Kuanzia 21 kwa 6, Iowa walifunga pointi 22 mfululizo, wakaondoka na ushindi wa 28 kwa 21.

Ndugu Mkurugenzi, mzee huyo si mganga. Alikuwa ameona msimu mzima, kama sisi wengine tulivyouona, na mwili wake ulikuwa umeshajifunza wakati wa kuogopa.

Tuliuona tangu siku ya kwanza, 28 Agosti, kule Illinois. Mpokeaji wetu aliudaka mkwaju wa mbali karibu kabisa na mstari wetu wa goli, mahali ambapo wavulana wa sekondari hapa hufundishwa kuuacha mpira upite, akajikuta ndani ya eneo letu la goli na kuwazawadia wapinzani pointi mbili. Siku hiyo hiyo tulikosa mikwaju miwili ya pointi moja, tukafungwa 30 kwa 22. Mpigaji aliyeikosa ndiye aliyetajwa kuwa mpigaji bora wa ligi yetu ya Big Ten mwaka 2020, na mimi najiuliza kijana hupotezaje kipaji chake ndani ya miezi minane bila mtu mzima wa kukaa naye kila siku na kumtazama mguu.

Kule Oklahoma, tarehe 18 Septemba, tulipoteza 23 kwa 16. Mkwaju wetu wa pointi moja ulizuiwa, wakauokota, wakaukimbiza uwanja mzima na kupata pointi mbili. Mikwaju miwili ya pointi tatu ikaenda nje. Ukitaka, jumlisha mwenyewe: moja tuliyoikosa, mbili walizopewa, sita zilizopita pembeni ya nguzo. Ni tisa, na tulifungwa kwa saba. Kwenye uwanja wa timu iliyokuwa miongoni mwa bora nchini!

Wiki iliyofuata, Michigan State, ndiyo mechi ambayo ningeomba uitazame tena peke yako, mlango ukiwa umefungwa. Katika kipindi chote cha pili cha muda wa kawaida, wapinzani wetu hawakuweza kusogeza mpira yadi 10 zinazotakiwa ili waendelee kuumiliki hata mara moja. Hata mara moja. Ulinzi wetu ulikuwa umewafunga kamba, tulikuwa mbele 20 kwa 13, na zilikuwa zimebaki dakika chache. Kisha mkwaju wetu wa mbali ukapigwa upande mmoja na wachezaji wetu wakakimbilia upande mwingine, mpokeaji wao akauchukua na kukimbia yadi 62 bila kuguswa. Tukafungwa katika muda wa nyongeza. Mpigaji na watu kumi wanaomkimbilia mpira wanapokuwa na mawazo mawili tofauti kuhusu mpira unakokwenda, hilo halihusiani na nguvu, mbio wala moyo wa kijana yeyote. Ni jambo ambalo halikufanyiwa mazoezi ya kutosha, au lilifanyiwa mazoezi na mtu ambaye akili yake ilikuwa kwenye kazi yake nyingine. Na Wisconsin, tarehe 20 mwezi huu, mkwaju wa kwanza kabisa wa mechi waliurudisha yadi 91 hadi tachidauni, watu wakiwa bado wanatafuta viti vyao. Tulifungwa kwa saba.

Hizo ni mechi tano kati ya tisa ambazo kikosi cha mikwaju kiliwapa wapinzani pointi mkononi.

Sitaki nionekane kwamba ushambuliaji nauosha. Dhidi ya Purdue mipira yetu minne ilinaswa, na dhidi ya Michigan, tukiwa sare 29 kwa 29 dakika za mwisho, mpira uliporwa mikononi mwa kwotabeki wetu, yaani mchezaji anayeongoza ushambuliaji, naye akiwa bado anang'ang'ania kusonga mbele. Kijana huyo alicheza sehemu ya msimu akiwa na taya lililovunjika. Majina ya wachezaji sikuyaandika katika barua hii na sitayaandika, kwa sababu ni wanafunzi. Mwenye kulipwa mamilioni ni kocha, naye ndiye wa kuulizwa. Wasaidizi wale wanne pengine walistahili kuondoka, sijui ya ndani. Ila Kocha Frost mwenyewe ni mtu wa ushambuliaji, macho yake muda wote yako kwenye karatasi ya mipango yake, na kwa nionavyo kutoka jukwaani kikosi cha tatu kimebaki kuwa mtoto wa kambo. Msimu huu msimamizi wake alikuwa na kazi nyingine kamili ya kuwafundisha walinzi wa pembeni. Mtu mmoja hawezi kuwa bandarini na shambani saa ile ile.

Ninachoshangaa zaidi ni kwamba barua hii inakwenda kwako, si kwa mkurugenzi fulani aliyeletwa kutoka kampuni ya bima. Wewe ulikuwa uwanjani Miami usiku wa 1 Januari 1994, mkono wako wa kiwiko kilichoumia ukiwa umefungwa, mkicheza na Florida State kuwania ubingwa wa taifa. Walikuwa mbele 18 kwa 16 na mchezo ukaishia kwenye mguu wa mpigaji wenu, yadi 45, mpira ukapita pembeni. Mwaka uliofuata ubingwa ulikuja, na uliofuata tena, nawe ulikuwa umeshaondoka. Hakuna mtu katika ofisi za chuo hicho anayejua kuliko wewe bei ya mkwaju mmoja.

Na tendo linalosimuliwa kuliko yote katika historia ya timu hii ni lipi? Alhamisi iliyopita limetimiza miaka 50: Johnny Rodgers, 25 Novemba 1971, kule Oklahoma, akiudaka mkwaju wa mbali na kuurudisha yadi 72 katika ushindi wa 35 kwa 31. Kila ninapokwenda kunyoa, kinyozi wangu hunisimulia tendo hilo kwa mkasi, na alikuwa hajazaliwa. Chuo kinachouza picha za mkwaju ule kimewezaje kufika mahali ambapo mikwaju haina mwenyewe?

Ombi langu ni dogo. Mwaka huu wa 2021 sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinaruhusu makocha wasaidizi 10, na sasa una nafasi nne wazi. Nafasi moja kati ya hizo ipewe kocha wa mikwaju asiye na kazi nyingine. Najua utaambiwa kwamba ushambuliaji utapungukiwa mtu. Jibu lake liko ndani ya jengo lenu: Kocha Frost alikuwa kwotabeki wa timu iliyochukua ubingwa wa 1997, basi makwotabeki awafundishe yeye au msaidizi mkuu wake wa ushambuliaji, na mshahara uliobaki umlete mtu wa mikwaju. Huyo atakayekuja apewe pia muda wake katika kila mazoezi, wachezaji wa kikosi cha kwanza wakiwemo, badala ya dakika za mwisho wakati jua linazama na kila mtu amechoka. Na jina lake litangazwe kwa sauti ile ile mtakayomtangaza nayo bwana mpya wa ushambuliaji, ili tujue wa kumpongeza na wa kumuuliza.

Fomu ya tiketi za msimu ujao itakapokuja nitaijaza, na unajua nitaijaza. Uwanja huu umekuwa ukijaa mfululizo tangu mwaka 1962, na kujaa huko pengine ndiko kunakowafanya watu wa ofisini wadhani tuna subira isiyo na mwisho. Lakini mwezi wa Aprili, siku ya mechi ya mazoezi ya majira ya kuchipua, nitawahi kufika na kushuka hadi viti vya chini kabisa, upande wanakopasha misuli wapigaji. Nitawatazama wakipiga, kisha nitatazama ni nani amesimama nyuma yao na filimbi mdomoni.

Wako,
Mshabiki wa jukwaa la mashariki