Mbuni usiougua

Moshi

Kwako Neema,

Habari za Mbinga? Sisi hatujambo, ila mvua imetuchelewa. Nimesoma barua yako, hasa pale ulipouliza: kama miche bora tunayo, watu wanahangaikia nini na kahawa ya porini huko Ethiopia?

Chulebuni unaijua. Buni mbichi hupata doa jeusi lililobonyea, doa linatanuka, tunda linakauka tawini au linadondoka kabla ya kuiva. Ugonjwa huo uliripotiwa Kenya mwaka 1922, na Ethiopia ukafika 1971. Ulifanya uharibifu mkubwa, lakini si kila mti uliugua. Watafiti wakaanza kusaka mibuni iliyobaki safi, wakachukua mbegu zake na kupima watoto wake. Aina za 74110 na 74112 zilipatikana hivyo, upande wa Metu, magharibi mwa nchi. Hiyo 74 ni mwaka 1974. Majina makavu kama namba za gari, lakini wakulima wanazipanda hadi leo.

Sasa tafuta miti ya namna hiyo kwenye mashamba ya zamani nje ya Ethiopia, uone kazi yake. Arabika, aina ya kahawa tunayoizungumzia, ilitoka Ethiopia kwa mbegu chache tu kwenda Yemeni, na sehemu kubwa ya iliyopelekwa Marekani ya Kusini ilitokana na mche mmoja wa bustani ya Amsterdam. Tena hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mtoto ni yuleyule mama. Ndiyo maana kutu ya majani, ugonjwa mwingine wa kahawa, ilipoingia Ceylon (sasa Sri Lanka) mwaka 1869 haikupata wa kuizuia, na wenye mashamba wakaishia kulima chai. Robusta, ile kahawa ya Bukoba, ni habari nyingine: haishiki mimba bila chavua ya mti mwingine, basi kila mche wa mbegu una urithi wake.

Na msitu hautoi mti mzuri kwa kila kitu. Kahawa iitwayo Rume Sudan, iliyotoka uwanda wa Boma, Sudan Kusini, huzaa kidogo, mimi nisingeipanda. Lakini inaistahimili chulebuni, na Wakenya waliitumia kuzalisha aina ya Ruiru 11, iliyotolewa 1985.

Kinachonitia hofu ni kwamba mbegu ya kahawa haitunziki ghalani kama mahindi. Ikikaushwa na kugandishwa, nyingi hufa. Lazima miti yenyewe iwe hai, na msitu ukifyekwa hakuna akiba. Utafiti wa 2019 ulionyesha kuwa asilimia 60 ya spishi 124 za kahawa ziko hatarini kutoweka.

Kuhusu ule mbuni wa baba mkwe wako usioguswa na chulebuni: huenda umebahatika tu kukaa penye upepo na jua. Hilo halijulikani kwa macho, mpaka watoto wake wapandikizwe ugonjwa wakiwa wachanga. Mwombe asiung'oe kwanza. Aufunge kitambaa uwe na alama, kisha aende kuwaeleza watu wa kituo cha utafiti pale Ugano.

Msalimie sana, na watoto pia.

Wako,
Rehema