Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: akili ya kiziwi asiyeona haipimwi kwa saa ya kuchorwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Jamhuri ya Kenya.

Mheshimiwa,

Nafundisha ngumbaru hapa Likoni, na ombi langu ni moja. Mtu mzima ambaye ni kiziwi na pia haoni asiandikiwe na yeyote kwamba hawezi kujifunza, kabla hajapimwa kwa lugha yake mwenyewe, mkononi mwake.

Nina mwanafunzi, mama wa makamo, anayeuza viazi karai akisaidiwa na bintiye. Alizaliwa kiziwi. Tangu utotoni, jua likizama alikuwa akijikwaa, na nyumbani wakasema ni uzembe. Alipokua, macho yakaanza kupotea kuanzia pembeni, akabaki kuona katikati tu, mpaka napo pakafifia. Huo ndio ugonjwa wa Usher, wa kurithi, unaochukua masikio na macho. Akili hauigusi.

Hospitali moja ikampima na kumwandikia "uwezo mdogo wa kufikiri". Ndugu zake walipoisoma hiyo karatasi wakaniambia, kwa heshima zote, "Mwalimu, unajisumbua bure."

Nikataka kujua amepimwa kwa kitu gani. Ni MoCA, kipimo cha kufikiri na kumbukumbu kinachotumika duniani kote, cha alama 30. Mtu huambiwa achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Anakili mchoro wa mchemraba. Anaonyeshwa picha za simba, kifaru na ngamia azitaje. Kisha anasomewa maneno matano ayarudie, anasomewa orodha ya herufi agonge meza kila akisikia A, na anatoa saba kutoka mia, halafu saba tena, na saba tena. Sasa mweke mtu asiyesikia wala kuona mbele ya karatasi hiyo, bila mkalimani. Alama alizokosa zinapima nini hapo, kama si macho na masikio ambayo kila mtu anajua hana?

Waliotunga kipimo hiki waliliona tatizo, lakini nusu nusu. Kuna toleo la wasioona, ambalo huondoa michoro na picha na kubaki na alama 22, ila huulizwa kwa mdomo. Kuna toleo la wasiosikia vizuri, ambalo maelekezo yake huonyeshwa kwa maandishi. Kiziwi asiyeona anaangukia katikati, la kwanza halisikii na la pili halioni.

Siku aliponiletea ripoti nilimuuliza lile swali la hesabu kwa lugha ya ishara, viganja vyake vikiwa juu ya mikono yangu. Mia toa saba. Akajibu 93. Toa saba tena. 86, 79, 72, 65. Hapo akasimamisha mikono yangu akauliza, kwani ni deni la nani tunalolilipa? Ni mfanyabiashara huyu. Noti zilizotolewa 2019 anazitambua kwa mistari iliyoinuka pembeni, sarafu kwa ukubwa na ukingo, na mteja wa kumpunja bado sijamwona.

Sidai kwamba mimi ni mtaalamu wa vipimo. Na sisemi kwamba kila kiziwi asiyeona ni mwepesi wa kufahamu. Wako wazito kama walivyo wazito miongoni mwetu, na wako waliozaliwa bila kuona wala kusikia na hakuna aliyewahi kuwapa lugha yoyote, jambo ambalo ni msiba mwingine. Ninachodai ni kwamba hatuwezi kuwatofautisha kwa zana tulizo nazo, na bado tunaandika ripoti.

Katika kusoma mambo ni yale yale. Vitabu vyetu vya ngumbaru huanza na ba, be, bi, bo, bu. Silabi hizo zinamfaa aliyewahi kuzisikia. Lugha ya kwanza ya mwanafunzi wangu ni lugha ya ishara ya Kenya. Kiswahili kwake ni lugha ya pili, ambayo anaijua kwa maandishi tu. Na sasa anayafuata maandishi hayo kwa Breli, yaani nukta zilizoinuka zinazosomwa kwa kidole, aliyoanza kujifunza ukubwani, vidole vikiwa vimekomazwa na mafuta ya moto. Jicho hupita juu ya mstari na kuudaka kwa mkupuo. Kidole hupokea herufi moja baada ya nyingine. Akisoma "Meza vidonge viwili baada ya chakula", anapofika kwenye chakula lazima bado aikumbuke ile mbili aliyoipita, na alikuwa ameishikilia kichwani muda wote huo huku akitambua nukta za herufi zinazofuata. Hiyo ni kazi nzito ya kumbukumbu. Mkaguzi aliyesimama pembeni na saa mkononi ataandika "anasoma polepole", na hatakuwa amekosea, lakini hatakuwa ameona chochote.

Mimi humpima hivi. Nampa kadi ya Breli iliyoandikwa "Weka vijiko vitatu ndani ya bakuli." Anasoma, anarudia mara moja kwa kidole, anapapasa meza. Vijiko vitatu, ndani ya bakuli. Nikibadilisha kadi iwe "chini ya bakuli", anacheka kwanza, kisha analiinua bakuli na kuvisukuma chini yake. Hapo nina hakika amesoma, ingawa hakutamka sauti hata moja. Wala si ujanja wangu: katika shule ya Perkins, Boston, kuanzia 1837, Laura Bridgman, mtoto wa miaka saba asiyesikia wala kuona, alifundishwa kwa vibandiko vya herufi zilizoinuka vilivyowekwa juu ya vijiko na funguo. Karibu karne mbili zimepita.

Kuna kundi jingine ambalo nadhani ni kubwa kuliko tunavyofikiri, la wazee. Babu anapata mtoto wa jicho, masikio yanaziba pole pole, anajibu maswali ambayo hakuulizwa, na familia inasema amerudi utotoni. Jopo la jarida la tiba la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau na ambayo yanaweza kupunguzwa. Kutosikia kumo, na kutoona kusikotibiwa kuliongezwa mwaka huo. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi. Huyu atibiwe kwanza, apewe kifaa cha kusikia, kisha ndipo aulizwe leo ni siku gani. (Najua hili ni la mwenzako wa Afya. Nampelekea nakala.)

Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona lilikadiria mwaka 2018 kwamba wenye hali hii kwa kiwango kikubwa ni asilimia 0.2 ya watu. Kwa Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa 2019, hiyo ingekuwa kama 95,000. Watoto wana pa kuanzia, kama shule ya viziwi wasioona ya Kabarnet. Mtu aliyepoteza macho akiwa na miaka thelathini, tena ana watoto watano wa kulisha, ataanzia wapi? Katiba, ibara ya 54, inampa haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa, na haikuweka umri.

Kwa hiyo naomba KISE, taasisi ya elimu maalum iliyo chini ya wizara yako, ipewe kazi ya kutengeneza kipimo cha kufikiri na kusoma kinachofanyika kwa mguso, na viziwi wasioona wawe ndani ya chumba kinapotungwa, si wageni wa siku ya uzinduzi. Kabla hakijawa tayari, waraka wa ukurasa mmoja kutoka kwako unatosha: ripoti yoyote itakayomzuia mtu mzima kujiunga na ngumbaru ionyeshe aliulizwa kwa lugha gani na mkalimani alikuwa nani. Pasipo majibu hayo mawili, isitumike. Mkalimani naye alipwe. Kwa sasa kazi hiyo inafanywa na binti wa miaka kumi na sita ambaye naye ana shule yake. Vitabu vya ngumbaru vichapishwe kwa Breli, tena si vile vya ba, be, bi.

Ripoti niliyoitaja mwenyewe ameniruhusu kuituma ofisini kwako, jina likiwa limefutwa. Anasema akipimwa tena yuko tayari, mradi isiwe Ijumaa, maana hiyo ndiyo siku ya wateja wengi.

Wako,
Mwalimu wa ngumbaru, Likoni.

Nakala: Mheshimiwa Waziri wa Afya.