Crespo hakuishia Istanbul

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu huku Ujiji hutufikia limechelewa siku moja, wakati mwingine mbili, nami huanza na ukurasa wa michezo. Juzi nilisoma habari yenu ya Hernán Crespo nikiwa nimekalia dumu la mawese dukani. Mmeeleza vizuri magoli yake ya River Plate, Parma, Lazio na yale 35 ya Argentina. Halafu mkamaliza kwamba baada ya kutundika daluga aligeukia ukocha. Basi!

Mimi yule Muargentina namdai. Mwaka 2005 nilikuwa na kibanda cha video, mabenchi ya mbao na jenereta la kukodi. Usiku wa Mei 25, AC Milan na Liverpool, fainali ya klabu bingwa Ulaya, Istanbul. Maldini wa Milan alifunga watu hata hawajakaa. Crespo, naye wa Milan, akaweka la pili, na la tatu akampitishia kipa Dudek kwa juu, taratibu, kama mtu anayetandika khanga juu ya mtoto aliyelala. Mapumziko ni 3-0, na dizeli ikaisha. Nikawatangazia watu: nendeni mkalale, mechi hii imekwisha. Asubuhi redio inasema Liverpool wamesawazisha zote na kubeba kombe kwa penalti. Waliokuja kudai shilingi 200 zao ni wa Liverpool, na walikuwa na haki.

Sasa hiyo sehemu mliyoiruka. Crespo alianza kufundisha vijana wa Parma. Akapewa Modena, daraja la pili Italia, wakamfungashia virago Machi 2016 kabla msimu haujaisha. Akarudi kwao Argentina, Banfield, nako 2019 hakudumu hata mwaka. Straika aliyewahi kuwa mchezaji ghali kuliko wote duniani, anatimuliwa mara mbili! Ndipo akachukua Defensa y Justicia, klabu ndogo isiyokuwa na kombe lolote kubwa, na Januari 2021 wakaifunga Lanús 3-0 kwenye fainali ya Copa Sudamericana, kombe la klabu za Amerika Kusini. Baadaye akaenda São Paulo, Qatar, kisha Al Ain ya Falme za Kiarabu.

Fainali ya klabu bingwa Asia, Al Ain walifungwa 2-1 kule Yokohama, Japani. Marudiano wakashinda 5-1, kombe likawa lao. Tarehe? Mei 25, 2024. Miaka 19 kamili tangu Istanbul, siku ileile. Niliangalia kwenye simu ya mjukuu wangu, na safari hii chaji ilitosha mpaka mwisho. (Novemba mwaka huohuo nao wakamfukuza. Kazi hii ndivyo ilivyo.)

Kwa nini nawasumbua na hayo? Mwaka jana kamati ya timu ya vijana ya mtaani kwetu ilinipa timu kwa sababu moja tu, kwamba enzi zangu nilikuwa nacheka na nyavu. Mhariri, kufunga nilikuwa najua. Nilichokuwa sijui ni kumweleza mtoto wa miaka 14 asimame wapi mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja. Nilikuwa nawapigia kelele, "Nenda pale!" Wanaenda watatu. Tulicheza mechi nne, tukafungwa zote nne. Kamati hawakuja wenyewe, walimtuma kijana na baiskeli achukue mipira miwili na filimbi.

Kwa hiyo mkiandika tena habari za hawa mastraika waliogeuka makocha, hayo magoli tuliyaona. Tuandikieni hiyo miaka ya Parma na Modena: vijana wa Parma aliwafundisha nini, alikosea wapi, alibadilisha nini. Sisi wa viwanja vya vumbi ndiyo tunayoihitaji. Timu ikinirudia nataka niwe na la kuwaambia wale watoto.

Na kama mjumbe yeyote wa kamati anasoma hapa: mipira ilikuwa yenu, lakini filimbi ni yangu.

Mzee wa Mawese,
Ujiji, Kigoma